Gonjwa la Korona, Chanjo na Sanduku la Kura

(Hotuba iliyotolewa mbele ya jamaa wa misikiti ya wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara)



Mada ya leo sikuichagua mimi. Ijumaa moja, sala ikiwa imekwisha na watu wakitafuta viatu vyao mlangoni, kijana mmoja anayefanya biashara pale Sirari alinishika mkono akaniuliza: "Maalim, nimesikia kwamba huko Marekani watu wanahesabu marehemu wa korona ili wajue nani atashinda uchaguzi. Wanasema waliokataa chanjo walikufa kwa wingi zaidi, na kwa kuwa wengi wao walikuwa wa chama kimoja, chama hicho kitapungukiwa kura. Je, ni kweli? Na kwetu huku ilikuwaje?" Baadhi ya waliokuwa karibu walicheka. Mimi sikucheka, kwani swali lile lina mambo mawili mazito ndani yake, kifo na uongozi. Nilimwomba anipe muda. Leo nalipa deni lake, na nadhani wengi wenu mlikuwa nalo swali hilo hilo ila hamkulitamka.

Nitangulize neno moja nisije nikaeleweka vibaya. Sikuja kumfanyia mtu kampeni. Humu ndani wamo wa chama hiki na wamo wa chama kile, na wote husimama katika safu moja. Nitataja majina ya viongozi na ya vyama kwa sababu habari hizi hazisimuliki bila majina.

Tuanze na huko Marekani. Aliyoyasikia kijana wetu yana asili yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichukua majimbo mawili, Ohio na Florida, wakalinganisha orodha ya wapiga kura na orodha ya waliofariki. Jambo hilo liliwezekana kwa kuwa huko orodha ya wapiga kura huonyesha pia mtu anafuata chama gani. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2023. Kabla ya chanjo kupatikana kwa watu wazima wote, tofauti baina ya pande mbili ilikuwa ndogo. Baada ya kupatikana, vifo vilivyozidi kiwango cha kawaida miongoni mwa Warepublican vilikuwa juu kwa asilimia 43 kuliko miongoni mwa Wademocrat. Ni habari ya kuhuzunisha, kwani wengi wa watu hao kinga walikuwa nayo karibu na nyumba zao, tena bila malipo.

Je, chama kile kilishindwa kwa ajili hiyo? Mwezi wa Novemba 2022, katika jimbo la Arizona, mwanasheria mkuu wa jimbo alipatikana kwa tofauti ya kura 280 tu baada ya kura kuhesabiwa upya, na aliyeshindwa alikuwa Mrepublican. Katika jimbo hilo hilo korona ilikuwa imekwisha kuua watu zaidi ya 30,000. Hapo mtu anaweza kudai, ingawa hawezi kuthibitisha, kwamba makaburi ndiyo yaliyoamua. Lakini Novemba 2024 mgombea urais wa chama hicho hicho, Donald Trump, alishinda, na Arizona yenyewe akaichukua. Sababu yake si ngumu kufahamika. Kifo huchukua huku na huku. Kila mwaka vijana kwa mamilioni hutimiza umri wa kupiga kura. Na walio hai, ambao siku zote ni wengi kuliko waliokufa, hubadili mawazo yao kwa sababu ya bei ya unga kuliko kwa sababu ya jambo lolote jingine.

Kama Marekani ni mbali, tazameni ng'ambo ya mpaka hapa Isebania, ambako wengi wenu mna wajomba na shangazi. Uchaguzi wa Kenya wa tarehe 9 Agosti 2022 ulikuwa wa kukaribiana sana. William Ruto alitangazwa kuwa amepata kura 7,176,141 na Raila Odinga kura 6,942,930, tofauti ya kura 233,211. Vifo vya korona vilivyotangazwa rasmi na Serikali ya Kenya tangu mwanzo wa gonjwa havikufika 6,000. Hata tukidhania jambo lililo muhali, yaani kwamba marehemu wote walikuwa wapiga kura na wote wa upande mmoja, bado tofauti ingebaki zaidi ya 227,000.

Basi jibu fupi la swali la kijana wetu ni kwamba katika uchaguzi wa nchi nzima vifo vya gonjwa, kwa hesabu tupu, havipindui matokeo. Ningeweza kuishia hapo tukaenda kula. Lakini jibu fupi hili linaficha mambo ambayo sisi wa Tarime na Serengeti tuliyaona kwa macho yetu, na hayo ndiyo yaliyonifanya niombe muda.

Hapa kwetu hesabu kama ile ya Yale haiwezekani hata mtafiti akiitaka. Kadi yetu ya mpiga kura haitaji chama. Tena, na hili ndilo kubwa, chanjo katika Tanzania haikugawanyika kwa vyama. Kumbukeni mwenendo wa mambo. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Mwishoni mwa Aprili takwimu za Bara zilikoma, na za Zanzibar zikakoma mwezi wa Mei, hata hesabu ya nchi ikaganda kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Rais John Pombe Magufuli aliwataka watu waendelee na kazi, wamwombe Mungu na wajifukize, na nyumba za ibada hakuzifunga. Mwezi wa Januari 2021 alitilia shaka chanjo hadharani. Upinzani, kwa vinywa vya akina Freeman Mbowe na Tundu Lissu, ulidai takwimu na hatua kali zaidi. Kisha tarehe 17 Machi 2021 Rais Magufuli akafariki, na Serikali ikatangaza kuwa ni kwa maradhi ya moyo. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, chanjo zaidi ya milioni moja zikawasili mwezi wa Julai, na tarehe 28 Julai 2021 yeye mwenyewe akachomwa sindano mbele ya taifa.

Hivyo chama kile kile kilichokuwa na shaka kikawa ndicho kinachohimiza. Mbunge wake wa Kawe, Josephat Gwajima, ambaye aliipinga chanjo mbele ya waumini wake, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge akasimamishwa kuhudhuria mikutano miwili ya Bunge. Sasa niambieni, mtu wa Nyamwaga aliyekataa sindano mwezi wa Septemba 2021 alikuwa wa chama gani? Hamwezi kujua. Mmoja alikataa kwa kumfuata Rais marehemu. Mwingine alikataa kwa kuwa haamini jambo lolote litokalo serikalini. Wa tatu alisikia uvumi kwamba sindano inaleta utasa. Wa nne hakukataa chochote, ila kituo kilikuwa mbali na ng'ombe hawakuwa na mchungaji. Mwezi wa Januari 2022 waliokamilisha chanjo katika nchi yetu hawakufika watu 3 katika kila 100. Kufikia Aprili 2023 walikuwa wamezidi nusu ya wananchi wote. Katika muda ule hapakuwa na chama kilichobadilishwa madarakani. Kilichobadilika ni kwamba chanjo iliwafuata watu majumbani, sokoni na kwenye nyumba za ibada, na wakaisikia kutoka kwa watu wanaowafahamu.

Kwa hiyo anayetaka kusoma kura katika karatasi za chanjo, kwetu huku atasoma kitu kingine. Atasoma nani anamwamini nani, na umbali uliopo kati ya zahanati na boma.

Ni nini basi kilichogusa kura mwaka 2020? Nitasema niliyoyaona. Kenya ilitangaza amri ya kutotoka usiku kuanzia tarehe 27 Machi 2020, na katikati ya Mei ikafunga mpaka wake na sisi kwa watu wote, isipokuwa magari ya mizigo. Mfanyabiashara wa Sirari alisimama upande huu, soko liko wazi, akatazama upande ule, ndugu yake amefungiwa ndani. Huko Serengeti msiba ulikuwa wa namna nyingine. Watalii waliofika nchini mwaka 2019 walikuwa 1,527,230, na mwaka 2020 walikuwa 620,867. Kila mmoja wenu wa Mugumu na Natta anajua maana ya tarakimu hizo: dereva aliyerudi kulima, mpishi wa hoteli aliyeuza pikipiki yake, mwongoza watalii aliyekuwa akiwasomesha wadogo zake watatu. Serikali ilipofungua anga tarehe 18 Mei 2020, watu wengi wa wilaya hizi mbili walishukuru. Nami nilishukuru. Siwezi leo kujifanya kwamba nilikuwa na hekima ambayo sikuwa nayo. Mtu ambaye chungu chake ni kitupu hupima Serikali kwa chungu hicho, na mwaka ule Serikali iliyosema "fanyeni kazi" ilikuwa na hoja iliyoingia nyumbani moja kwa moja.

Je, hoja hiyo ndiyo iliyobadili viti vyetu? Mwaka 2015 majimbo yetu yote matatu yalichukuliwa na CHADEMA: Esther Matiko Tarime Mjini, John Heche Tarime Vijijini, na Marwa Ryoba Serengeti, ambaye mwaka 2018 alihamia CCM. Mwaka 2020 yote matatu yalitangazwa kuwa ya CCM. Wapo wasemao kwamba gonjwa ndilo lililofanya hivyo. Mimi sikubaliani nao. Mwaka huo CHADEMA ilipata kiti kimoja tu cha jimbo katika nchi nzima, kule Nkasi Kaskazini, na upinzani uliyakataa matokeo ukidai kuwa mawakala wake walizuiwa na kura zilichezewa. Uchaguzi ambao pande mbili hazikubaliani hata juu ya kuhesabu kura hauwezi kutupimia athari za gonjwa.

Kuna tarakimu moja ambayo hainiachi. Mwaka 2015 waliopiga kura ya urais walikuwa 15,589,639. Mwaka 2020 walikuwa 15,091,950, ingawa walioandikishwa walikuwa wameongezeka kutoka milioni 23 hadi karibu milioni 30. Nusu ya walioandikwa hawakufika. Wangapi waliogopa msongamano wa foleni, wangapi walikata tamaa, wangapi walikuwa safarini? Katika nchi ambayo gonjwa lilisemwa kuwa limekwisha, hakuna aliyeweza kujibu kwamba alibaki nyumbani kwa kuliogopa.

Na hapa, ndugu zangu, ndipo penye moyo wa maneno yangu. Mpiga kura ni kama hakimu. Mwezi wa Oktoba 2020 hakimu huyu aliombwa atoe hukumu juu ya jinsi gonjwa lilivyoshughulikiwa, hali kitabu cha ushahidi kilikuwa kimefungwa miezi mitano kabla. Aliyeisifu Serikali aliisifu bila hesabu, na aliyeilaumu aliilaumu bila hesabu. Mwanzoni mwa mwaka 2021 tulizika watu kwa kufululiza. Wengi wenu mlishika majeneza hayo pamoja nami. Tulipouliza sababu ya kifo tuliambiwa "changamoto ya upumuaji", nasi tukaitikia "Innalillahi" tukafukia. Hatukuuliza zaidi. Serikali inalaumiwa kwa kunyamaza, na ni haki ilaumiwe, lakini sisi tuliosimama kaburini nasi tulinyamaza.

Tazameni jinsi wazee wetu katika imani walivyofanya. Hadhrat Umar r.a. alikuwa njiani kuelekea Sham alipopata habari, mahali paitwapo Sargh, kwamba tauni imeingia huko. Habari ile hakuificha. Aliwaita Muhajirina akawashauri, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, wakamshauri arudi, akatangaza mbele ya watu wote kwamba atarudi. Abu Ubaida r.a. alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akampa mfano ambao mfugaji yeyote wa Mara atauelewa mara moja, wa mtu mwenye ngamia aliyefika kwenye bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari ya Mungu. Kisha Abdurrahman bin Auf r.a. akaja na neno alilolisikia kwa Mtume Mtukufu s.a.w. kwamba watu wasiingie nchi yenye tauni, wala waliomo wasitoke kwa kuikimbia. Amiri alipata habari, akaitoa hadharani, akasikiliza waliopingana, ndipo akaamua.

Na tauni hiyo ya Amwas ilibadili utawala. Abu Ubaida alifariki. Muadh bin Jabal alifariki. Yazid bin Abi Sufyan, aliyekuwa amiri wa Damascus, alifariki, na Hadhrat Umar akamweka ndugu yake Muawiya mahali pake. Kila msomaji wa historia anajua yaliyofuata miaka ishirini baadaye. Kwa hiyo nikisema kwamba vifo vya gonjwa havipindui hesabu ya kura, sisemi kwamba havigusi uongozi. Huugusa sana, ila kwa mlango mwingine: hupita kwa kifo cha wale wachache ambao watu wengi huwafuata.

Nchini mwetu tuliyaona hayo Zanzibar. Maalim Seif Sharif Hamad aligombea urais wa Zanzibar mara sita, tangu 1995 hadi 2020. Mwishoni mwa Januari 2021 chama chake, ACT-Wazalendo, kilitangaza kuwa amepata korona, akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Tarehe 17 Februari 2021 alifariki. Mahali pake alishika Othman Masoud Othman, ambaye ndiye aliyegombea urais wa Zanzibar kwa chama hicho mwaka 2025. Kwa robo karne hapakuwa na uchaguzi wa vyama vingi Visiwani bila jina la Maalim Seif. Nimewahi kumsikia mtu akisema kwamba ule utangazaji wa ugonjwa wake ulikuwa kosa la kisiasa. Naona kinyume chake. Wakati ambapo watu walifichana hata homa, wao walitamka jina la ugonjwa, na watu wakajua la kujikinga nalo.

Uko na mlango mwingine wa tatu, nao ni sheria. Uganda, katika kampeni za uchaguzi wa Januari 2021, mikutano mikubwa ilikatazwa kwa sababu ya gonjwa. Mgombea Bobi Wine alikamatwa tarehe 18 Novemba 2020 kwa shutuma za kuvunja masharti hayo, na katika ghasia zilizofuata waliuawa watu zaidi ya 50. Ethiopia iliahirisha uchaguzi wa Agosti 2020 kwa hoja ya korona. Viongozi wa Tigray walikataa, wakafanya uchaguzi wao Septemba, na Novemba vita vikalipuka. Sisemi kwamba uahirishaji peke yake ulileta vita, kwani ugomvi ule ulikuwa wa muda mrefu. Lakini waliokufa kwa vita vile ni wengi mno kuliko waliokufa kwa ugonjwa uliotajwa kuwa sababu.

Mlango wa nne ni fedha, na huu hausemwi sana ingawa uko mbele ya macho yetu. Mwezi wa Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliikopesha nchi yetu kiasi cha shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya kukabiliana na UVIKO-19. Sehemu yake ilijenga madarasa 15,000, kila moja kwa shilingi milioni 20. Mnayajua, na mpaka leo wapo wanaoyaita madarasa ya UVIKO. Gonjwa lile lililokanwa wakati wa kampeni ya 2020 likawa limejenga ukuta ambao wagombea waliofuata walisimama mbele yake wakapigwa picha. Mtoto wako akikaa ndani kwenye dawati badala ya chini ya mti, utaukumbuka mkono uliojenga. Kwa maoni yangu madarasa hayo yaligusa mioyo ya wapiga kura kuliko vifo vyote na sindano zote, na silisemi hili kwa kejeli, kwani madarasa tuliyahitaji.

Wengine wataniuliza juu ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025. Nao hautupi kipimo. CHADEMA haikushiriki, Tundu Lissu alikuwa kizuizini kwa shitaka la uhaini, mgombea aliyetangazwa mshindi alipewa asilimia 97.66, na siku ile na zilizofuata watu walipoteza maisha kwa sababu isiyohusiana na ugonjwa wowote. Mwenyezi Mungu awarehemu. Nao pia, kama wale wa mwaka 2021, jamaa zao wamebaki wakiuliza hesabu.

Nirudi sasa nyumbani, kwenye jambo dogo ambalo liko ndani ya uwezo wetu. Nimesema vifo havipindui uchaguzi wa nchi. Katika kitongoji ni habari nyingine. Mwenyekiti wa kitongoji huchaguliwa na watu wachache, na mahali ambapo watu 150 wamejiandikisha, kuondoka kwa wazee watano ni jambo la kuonekana. Tena gonjwa hili lilichagua wazee, na hapa kwetu mzee wa ukoo hasemi kwa ajili ya nafsi yake tu. Watu husubiri aseme ndipo wajue ukoo unaelekea wapi. Alipozikwa, kura yake moja ilipungua, lakini zile za vijana zilizokuwa zikimsikiliza zilitawanyika. Jambo hili haliandikwi katika takwimu yoyote.

Kuna na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Kabla ya uboreshaji wa mwaka 2024 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilikadiria kwamba wapiga kura wapya 5,586,433 wangeandikishwa, na 594,494 wangeondolewa kwa kupoteza sifa, na kufa ni mojawapo ya njia za kupoteza sifa. Lakini daftari halijui nani amekufa mpaka mtu aende kusema. Mwaka ule nilikwenda kwenye kituo kimoja cha uandikishaji katika wilaya hizi kutoa taarifa ya jirani yangu niliyemzika mwenyewe mwaka 2021. Mwandikishaji, kijana mstaarabu, alinitazama kwa mshangao akasema kwamba tangu asubuhi mimi ni wa kwanza kuja kwa ajili ya maiti, wengine wote wamekuja kwa ajili yao wenyewe. Aliniuliza kama nina cheti cha kifo. Sikuwa nacho. Familia haikuwa nacho. Mzee yule, miaka mitatu baada ya kufa, kwa Serikali alikuwa bado yu hai na ana haki ya kuchagua Rais. Maadamu jina la marehemu limo daftarini, lipo tayari kwa mtu yeyote mwenye nia mbaya. Kumwachia mwenzako aliyekufa jina lake litumiwe kwa uongo ni kumvunjia amana.

Ndipo nikakumbuka kwamba kila msikiti wetu una kitabu cha mazishi. Niliomba kitabu cha msikiti wetu nikakifungua kwenye mwaka 2021. Majina yapo, tarehe zipo, jina la baba lipo. Mahali pa sababu ya kifo pameachwa wazi kurasa nzima, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kwani mwaka ule katibu alikuwa mgonjwa na mimi ndiye niliyeandika.

Kwa hiyo naomba makatibu wa misikiti yote, kuanzia Sirari na Nyamongo mpaka Mugumu na Issenye, walete vitabu vyao kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Tutaandika upya majina ya waliofariki kuanzia Machi 2020. Familia ambazo hazina vyeti tutaziandikia barua za uthibitisho wa mazishi, waende nazo kwa Mtendaji wa kijiji na kisha kwa Msajili wa vizazi na vifo wilayani. Wenye kadi za kura za marehemu wazihifadhi mpaka zoezi la uboreshaji litakapofunguliwa tena, wazipeleke pamoja na cheti. Kuhusu sababu ya kifo, hatutaandika tusichokijua. Mahali ambapo daktari alisema, tutaandika alivyosema daktari. Mahali ambapo familia inakumbuka dalili tu, tutaandika dalili: homa siku ngapi, kifua, pumzi. Akina mama, ninyi ndio mliouguza, na mengi ya hayo mnayajua ninyi tu. Msiwaachie wanaume wajibu kwa niaba yenu.

Kijana wa Sirari aliyeniuliza swali amejitolea kuandika. Yuko pale mlangoni, kalamu na daftari anavyo, na ataanza na wale ambao leo wamekuja na majina.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.